Kalamu Ikigoma: Njia Sita za Kujikwamua na Jinsi ya Kuchagua Inayokufaa

Mwandishi aliyekwama hupewa ushauri unaopingana. Huyu anamwambia aandike chochote kinachomjia, yule anamwambia asiguse kalamu mpaka awe na mpango. Mmoja anamtuma nje akatembee, mwingine anamtaka asiinuke kitini mpaka maneno 500 yatimie. Kila ushauri kati ya huo umewahi kumfaa mtu, na kila mmoja umewahi kumpotezea mtu mwingine wiki nzima, kwa sababu kukwama kuna sura kadhaa na kila njia ina sura yake inayoimudu. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha njia, tulinganishe mikwamo.

## Umekwama wapi hasa?

Fungua rasimu ulipoishia, au karatasi tupu kama hujaanza, kisha ujiulize: ningelazimika kuandika sentensi inayofuata sasa hivi, ni nini kingenizuia? Andika jibu. Usiliweke kichwani tu, maana kichwani majibu yote hufanana.

Kama jibu ni "sijui cha kusema", huna nyenzo: hujaona, hujasoma wala hujauliza vya kutosha kuhusu jambo lenyewe. Kama jibu ni "ninachokiandika ni kibaya, nakifuta kila mara", nyenzo unazo, ila kuhakiki kumeanza kabla ya kuandika. Kama umefika katikati na hujui kinachofuata, tatizo ni muundo, na mara nyingi kosa liko kurasa mbili au tatu nyuma ya pale ulipokwama. Na kama huna jibu lolote, unajikuta tu umeahirisha leo kama ulivyoahirisha jana, basi shida ni kuanza kikao chenyewe. Maandishi hayana kosa.

Kutofautisha hivi si kupoteza muda. Mwaka 1947 Edmund Bergler, mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi, alidai kwamba mwandishi anayekwama anasumbuliwa na mambo yaliyoanzia utotoni. Dhana hiyo iliwafanya wengi wauone mkwamo kama kasoro ya mtu. Mwaka 1980 Mike Rose, mtafiti wa uandishi wa Marekani, aliutazama upande mwingine kabisa: aliwachunguza wanafunzi 10 wa chuo kikuu huko Los Angeles, nusu yao wakikwama na nusu wakiandika bila taabu, akakuta waliokwama walikuwa wamejifunga kwa kanuni ngumu, kama vile kwamba aya ya kwanza lazima iwe kamilifu ndipo uende ya pili, au wanatengeneza mipango mikubwa isiyotekelezeka. Wenzao nao walikuwa na kanuni, ila walijua wakati wa kuziacha. Hilo linatia moyo sana, kwa sababu kanuni hubadilishwa leo leo.

| Njia | Inafaa mkwamo upi | Muda wa kikao | Unachotoka nacho | Inapoharibu |
|---|---|---|---|---|
| Kuandika mfululizo | Kufuta kila sentensi | Dakika 10 × 3 | Malighafi nyingi | Ukiigeuza rasimu |
| Mpango | Kukwama katikati | Dakika 45 hadi 90 | Mfuatano | Ukiendelea kupanga bila kuandika |
| Kutembea | Kuhitaji uwezekano mpya | Dakika 15 hadi 20 | Mawazo machache mapya | Ukitoka bila swali |
| Masharti | Uhuru uliozidi, lugha iliyochakaa | Dakika 30 | Kipande kifupi kilichokamilika | Ukiyarundika |
| Ratiba | Kuahirisha | Dakika 20 hadi 30 kila siku | Kurasa, polepole | Lengo likiwa kubwa |
| Kukusanya | Kukosa nyenzo | Siku 2 hadi 3 | Maelezo mahususi | Ukikosa mwisho |

## Kuandika mfululizo au kupanga kwanza?

Hizi mbili ndizo zinazobishaniwa zaidi, kwa hiyo tuzikalie kidogo.

Kuandika mfululizo kuna sheria chache lakini zinataka utii. Weka kipima muda dakika 10. Andika juu ya ukurasa swali moja au jina la mhusika mmoja. Anza, na mkono usisimame. Usifute, usirudi nyuma kusoma, usisahihishe tahajia. Ukikosa la kusema, rudia neno la mwisho mpaka lilete jingine. Ukitumia kompyuta, punguza mwanga wa kioo mpaka maandishi yasionekane. Jicho lisipoona sentensi, halipati cha kukosoa. Muda ukiisha, soma ukiwa na kalamu ya rangi nyingine na upige mstari chini ya sentensi moja tu, ile yenye uhai. Inakili juu ya ukurasa mpya, iwe mwanzo wa dakika 10 nyingine. Fanya mizunguko mitatu, kisha simama.

Wengi huishia mzunguko wa kwanza, wakasoma mambo ya ovyo waliyoandika, wakaamua njia haifai. Mzunguko wa kwanza kwa kawaida hutoa malalamiko na mambo ya juujuu. Ya pili na ya tatu ndiyo hufika penye kitu, kwa kuwa sasa unaanzia kwenye sentensi uliyoichagua. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani aliyeieneza njia hii kuanzia mwaka 1973, alitenganisha kuzalisha na kuhakiki kwa hoja iliyo wazi: kazi hizo mbili huvutana, na zikifanywa kwa pamoja kila moja huilemaza nyingine. Anayefuta kila sentensi si mvivu. Anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Udhaifu wake ni kwamba hukupa rundo, haikupi mfuatano. Kurasa tatu za mfululizo zinaweza kuzaa aya moja ya kutumia, na hiyo ni kiwango kizuri. Anayejaribu kuzisahihisha kurasa zote ziwe hadithi hujikuta na maandishi yanayozunguka bila kwenda popote. Na asiye na nyenzo hatazipata kwa njia hii: dakika 10 za mfululizo kuhusu bahari, kwa mtu asiyeijua bahari, zitatoa mawimbi, upepo na jua kuzama, yaani yale yale ambayo kila mtu ameyasema.

Mpango ni kinyume chake: hauongezi malighafi, unaipanga. Ubora wake huonekana zaidi katikati ya kazi kuliko mwanzoni, jambo ambalo washauri wengi hulisahau. Chukua kila tukio, au kila aya kama unaandika makala, na uliandikie sentensi moja kwenye kadi ndogo. Sentensi isieleze kinachosemwa tu, ieleze kinachobadilika: nani anataka nini, nani anamzuia, na baada ya tukio hali imekuwaje tofauti na mwanzo. Tukio ambalo huwezi kulijazia sehemu ya tatu ni mshukiwa wa kwanza.

Tutoe mfano. Rehema ameacha masomo kwa siri na anaogopa kumwambia baba yake. Mwandishi amekwama sura ya tatu, Rehema na baba wamekaa sebuleni, na kila mazungumzo anayowaandikia yanalegea. Ameyaandika upya mara nyingi, akidhani tatizo ni lugha. Akipanga kadi anaona: sura ya pili, mama alimdokeza baba. Baba anajua tayari, msomaji anajua kwamba baba anajua, basi hakuna kinachosubiriwa sebuleni. Dawa haiko sura ya tatu hata kidogo. Ama mama asiseme, ama baba ajue na achague kunyamaza ili amsikie Rehema akidanganya, na hapo sebule inapata moto. Mwandishi huyu angeandika mfululizo mwezi mzima asingeliona hilo, kwa sababu mfululizo humtazamisha mbele, na kosa lake liko nyuma.

Mpango nao huua. Dalili ni mbili: unaongeza maelezo ya wahusika ambayo hayatatumika popote, au una toleo la nne la mpango na bado huna ukurasa wa kwanza. Weka mipaka: kadi zisizidi 20 kwa hadithi fupi, kikao kisizidi dakika 90, na kikao kinachofuata lazima kiwe cha kuandika tukio lolote, hata kama si la kwanza. Rasimu ikiasi mpango, fuata rasimu, kisha ubadilishe kadi. Ukifanya kinyume unarudi kwenye kanuni ngumu alizozikuta Rose.

Ukitaka hukumu yetu: anayeanza kazi na anajiogopa aanze na mfululizo, aliyefika katikati apange. Kupanga kabla ya kuandika chochote kunafaa kazi zenye hoja, kama insha, ripoti na hotuba. Katika hadithi na mashairi, mpango unaotangulia kila kitu mara nyingi hupangilia mawazo ya kwanza, na mawazo ya kwanza ndiyo yaliyochoka zaidi.

## Kutembea au kukaa ukabanwa na masharti?

Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambamo watu walibuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida, wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Kwa wastani mawazo mapya yaliongezeka kwa takriban asilimia 60 wakitembea, hata waliotembea ndani kwenye mashine wakiutazama ukuta mtupu. Nafuu hiyo iliendelea kwa muda mfupi baada ya kukaa. Lakini kuna sehemu ambayo wanaolinukuu jaribio hili huiacha: kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukuwasaidia, na walifanya vibaya kidogo kuliko waliokaa.

Hapo ndipo penye uamuzi wako. Tembea unapotafuta uwezekano mwingi: Rehema angeweza kugunduliwa kwa njia zipi, shairi liishie wapi, makala ifunguliwe kwa nini. Kaa unapochagua mmoja kati ya huo, unapokaza hoja au kupunguza maneno.

Kabla ya kutoka andika swali lako kwa sentensi moja kwenye kipande cha karatasi. Usiende na muziki wala simulizi masikioni; ukijaza masikio maneno ya wengine, ya kwako hayasikiki. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukirudi, kabla ya kugusa simu, andika uwezekano mitano, hata kama wa nne na wa tano unaulazimisha. Usikubali kurudi na mmoja, hata ukiwa mzuri, kwa kuwa wa kwanza kuja ndio ungemjia kila mtu.

Kutembea hushindwa kwa sababu moja kubwa: mtu anatoka bila kuhangaika na kazi kwanza. Graham Wallas, msomi wa Uingereza, alipoeleza hatua za ubunifu mwaka 1926, aliweka maandalizi mbele ya kuatamia, kisha mwangaza, kisha uhakiki. Mapumziko huatamia kile kilichowekwa. Aliyehangaika na tukio dakika 40 akakwama, matembezi yatamfaa. Asiyefungua rasimu tangu juzi anafanya mazoezi ya mwili tu, ambayo ni mema, lakini yasihesabiwe kuwa uandishi.

Masharti hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Badala ya kupanua uwezekano, huupunguza. Ukiambiwa "andika chochote" unakabiliwa na maelfu ya mianzo. Ukiambiwa "andika mazungumzo matupu, watu wawili, maneno 100 kamili, na mmoja asitamke neno samahani", akili inaacha kuuliza kama kazi ni nzuri na inaanza kuuliza kama inatosha. Swali la pili lina jibu. Oulipo, kundi la waandishi na wanahisabati lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1960 na Raymond Queneau na François Le Lionnais, lilijenga kazi yake yote juu ya hilo. Mwenzao Georges Perec alitoa mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi e, iliyo ya kawaida kuliko zote katika Kifaransa.

Mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Vina na mizani ni masharti yaliyokwisha kuiva kwa karne nyingi, na yanawafaa hata wasio washairi, kama zoezi. Utenzi ni mwepisi kuanzia: mishororo minne, mizani 8 kila mshororo, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti. Tazama linavyotokea:

Kalamu nimeishika,
na usiku umefika,
mshumaa wazimika,
neno moja halitoki.

Mshororo wa tatu ndio wa kuangaliwa. Mshumaa haukuwa kwenye wazo la mwanzo. Ulikuja kwa sababu palihitajika kitu cha mizani 8 kinachoishia na *ka*. Lakini ulipofika umeleta haraka, umeleta giza linalokaribia, na sasa ubeti wa pili una kazi: nini kitatokea ukizima? Hivi ndivyo kina kinavyobuni kwa niaba ya mwandishi. Kama kazi yako ni hadithi, andika beti tatu za utenzi kuhusu tukio lililokwama, kisha zitupe na ubaki na picha zilizoletwa na vina.

Tumia sharti moja au mawili, si matano. Na sharti likishatoa picha au sentensi, liache. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kulishikilia hadi mwisho na kutoa kazi inayonuka zoezi, ambamo msomaji anaona ujanja kabla ya kumwona mhusika.

## Ratiba au kusubiri ilhamu?

Hapa hatuna msimamo wa katikati. Kwa mtu anayeahirisha, ratiba inashinda, na si kwa wingi wa kurasa tu. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1983 alilinganisha walimu wa vyuo vikuu waliolazimika kuandika kila siku ya kazi na wale walioandika walipojisikia. Waliolazimika waliandika zaidi, na pia walipata mawazo mapya mengi zaidi. Ilhamu huja kwa aliye kazini kwa sababu ya kawaida tu: anayeishika kazi kila siku hubaki nayo kichwani hata akiwa mbali nayo, na vitu anavyoviona njiani vinapata pa kunasa.

Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta, alikaa mezani saa 11:30 alfajiri na saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Msianzie hapo. Anza na dakika 20, siku tano kwa wiki, saa ileile na mahali palepale. Hesabu dakika, usihesabu maneno, hasa ukiwa unasahihisha, kwani siku njema ya kusahihisha hupunguza maneno. Ukikosa siku, usilipe deni kesho. Deni likifika dakika 60 utaanza kulikwepa kama ulivyoikwepa kazi. Na simama ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, ushauri ambao Ernest Hemingway aliurudia mara kadhaa. Andika sentensi hiyo nusu tu. Kesho hutahitaji ilhamu, utahitaji kuimalizia.

Ratiba haimfai aliyekosa nyenzo. Huyo atakaa dakika 20 kila siku akiutazama ukurasa na atajifunza kuuchukia.

## Kukusanya

Kwa asiye na cha kusema, hii ndiyo pekee kati ya sita inayogusa chanzo. Daftari dogo, mambo matatu kila siku: sentensi uliyoisikia kama ilivyotamkwa, kitendo cha mkono wa mtu (alivyokunja barua, alivyofunga mlango), na swali usilokuwa na jibu lake. Usiandike hisia zako. Hizo zinapatikana wakati wowote. Ukiandika kuhusu kazi fulani, mtafute anayeifanya na umwulize nini huharibika kwanza, mkono gani huchoka, ni kosa gani mgeni hulifanya siku ya kwanza. Majibu kumi ya namna hiyo yanatosha kuanza.

Weka ukomo kabla ya kuanza, siku tatu au vipengele 10, kwa kuwa kukusanya kuna utamu wake na unaweza kukaa humo mwaka. Na wakati wa kuandika rasimu, punguza kusoma kazi za mkondo uleule unaouandika. Sauti ya mwingine huingia bila kubisha hodi.

Programu za akili mnemba sasa zinatumiwa kama njia ya saba. Zikiombwa mawazo, huelekea kutoa yanayotarajiwa, na hilo ndilo mwandishi aliyekwama tayari analo kwa wingi. Zinafaa zaidi zikigeuzwa ziwe za kuuliza: ieleze hadithi yako kwa aya moja, uitake ikuulize maswali 10 ambayo msomaji angebaki nayo, kisha uyajibu mwenyewe kwa kalamu.

## Kuchanganya, na muda wa kuijaribu

Njia hizi zina mfuatano wake. Kukusanya hutangulia mfululizo. Mfululizo hutangulia mpango. Kutembea huwekwa baada ya kuhangaika, si kabla. Masharti huingizwa popote lugha inapochakaa. Ratiba huzibeba zote. Usichanganye mfululizo na mpango katika kikao kimoja, maana ukiona kadi mezani utaanza kuhakiki. Viachie angalau usiku mmoja katikati.

Ukiwa na nusu saa tu leo, tumia dakika 5 kuandika jibu la lile swali la nini kinakuzuia, dakika 20 kwa njia inayolingana na jibu, na dakika 5 za mwisho kuandika ni nini kimetoka na ufanye nini kesho. Ipe njia vikao vitatu kabla ya kuihukumu. Kikao cha kwanza hupima ugeni wa njia tu. Vikao vitatu vikipita bila hata sentensi moja ya kubaki nayo, rudia utambuzi, kwani yaelekea uliukosea mkwamo. Na kama wiki kadhaa zimepita huandiki, hulali vizuri, na hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvutii, iweke kalamu pembeni umwone mtaalamu wa afya, rasimu itakusubiri.